Rangi ya Upande wa Dereva

Mume wangu alipofariki aliniachia cherehani mbili, mdogo wake mmoja, na gari lililomzidi umri binti yetu. Cherehani zilikuwa zangu tangu mwanzo, kwa hiyo ukihesabu vizuri utaona aliniachia mizigo miwili tu. Mdogo wake ni fundi wa magari, hajaoa, anakula kwangu, na akizungumza huwa ana msumari mdomoni. Namtania kwamba ndiyo maana wanawake hawamwelewi. Yeye hunijibu kwamba wanamwelewa sana, ndiyo maana wanakimbia.

Gari lenyewe lilitengenezwa usukani ukiwa kushoto. Mume wangu aliliendesha hivyo hivyo miaka na miaka, na kila akitaka kulipita lori ilibidi aniulize mimi niliyekaa kulia kama kuna kitu kinakuja mbele. Namjibu, "Kipo, ila kidogo." Siku moja hicho kidogo kilikuwa basi. Kesho yake yeye na mdogo wake wakaanza kuhamishia usukani kulia. Tundu lililobaki kushoto, pale miguuni, wakaliziba kwa mfuniko wa kopo la rangi. Ukiukanyaga ulikuwa unalia *kwap*, kama mtu anayefunga mdomo kwa hasira.

Alipougua, mwishoni kabisa, akili ilikuwa inakwenda na kurudi. Alikuwa akiomba apelekwe garini. Mlango wa kulia ulikuwa umebanana na ukuta, basi tulimkalisha kushoto. Anakaa pale tangu asubuhi mpaka jua liwe la utosi, mkono juu ya dashibodi, mguu wa kulia ukikanyaga ule mfuniko. *Kwap. Kwap.*

"Unafanya nini, mwenzangu?"

"Nashika breki. Huoni mlima?"

Gari limesimama uani juu ya mawe, magurudumu hayagusi hata chini. Tulicheka, naye akacheka kutuonyesha kwamba hajakasirika. Akafa kitandani, mchana, bila kumsumbua mtu. Tukamzika kabla mvua hazijaanza. Nakumbuka kwa sababu udongo ulikuwa mgumu na wachimbaji walinung'unika kana kwamba marehemu ndiye aliyeukausha.

Mvua zikanyesha, zikaisha. Gari likabaki uani, na hakuna aliyekuwa na haja nalo mpaka binti yangu aliporudi kutoka kliniki.

Alikuwa na mimba ya kwanza, mumewe yuko kazini mbali, na amekuja kujifungulia kwangu. Daktari alimwambia mtoto amelala upande tumboni. Uchungu usimkute nyumbani. Awahi hospitali, alazwe, asubiri kule kule penye kisu. Na sisi tunakaa juu ya mlima. Magari mengine yanayopanda kwetu ni malori ya mawe ya machimbo, na barabara ile ukiishuka ndani ya lori, hata mtoto aliyelala vizuri atageuka.

"Shemeji," nikamwambia fundi wangu, "lile gari litembee."

"Kutembea litatembea," akasema. "Kusimama ndiyo shughuli."

Akaling'oa magurudumu ya nyuma, akafungua dramu, yale mabakuli ya chuma ambayo breki huyabana kwa ndani. Breki za nyuma za gari lile zina kipande kimoja kila upande kinachoitwa ajasta: kijiti cha chuma chenye skrubu ndani na kigurudumu cha meno katikati. Viatu vya breki vikilika, kile kigurudumu kinajizungusha chenyewe jino moja moja, *tik*, kijiti kinarefuka, na viatu vinabaki karibu na dramu. Kikikataa kurefuka, pedeli inashuka mpaka chini na wewe unashuka nayo. Vyetu viwili vilikuwa vimeshikana kwa kutu. Shemeji alivigonga, kimoja kikakatika.

"Unaitengeneza au unaivunja?"

"Ilikuwa imeshavunjika, shemeji. Mimi nimeiambia ukweli tu."

Tukaanza kutafuta. Muuzaji wa kwanza alikigeuza kile kipande mkononi akatuuliza kama tumekitoa kaburini. Wa pili alitupa kinachofanana, lakini kilikuwa kinene na hakikuingia. Wa tatu alituelekeza kwa wauza vyuma chakavu, nyuma ya ghala la saruji, kwamba kuna mzoga wa gari kama letu.

Ulikuwepo kweli. Rangi ile ile, taa za mbele zimeng'olewa, majani yameota kwenye kiti. Magurudumu hayakuwepo, umelalia tumbo kwenye matope yaliyokauka. Shemeji akachutama nyuma, akatazama. Dramu zilikuwa zimefunguliwa na kurudishwa vizuri, nati zimekazwa zote, na ukichungulia kwenye tundu la nyuma ya dramu, ajasta hazipo pande zote mbili.

"Tumewahiwa," akasema.

Mwenye yadi alikuwa amekaa juu ya injini anakunywa maji. "Kuna mzee alikuja," akatuambia. "Alizifungua mwenyewe. Nilimpa jeki akasema haina haja."

"Aliinuaje gari?"

Yule bwana akafikiri, chupa imesimama karibu na mdomo. "Unajua sikuangalia," akasema, kisha akaongeza taratibu, "Lakini hayo matope, mama, yamekauka tangu mvua. Hakuna palipochimbuliwa."

Nikamvuta shemeji kwa mkono. Tukaondoka.

Mahali pa mwisho palikuwa kwa Sampuli. Jina lake la kuzaliwa silijui na nadhani naye ameshalisahau. Tunamwita hivyo kwa sababu hakuuzii kitu bila kumletea cha zamani akakilaza juu ya kipya, meno kwa meno, tundu kwa tundu. Hata ukitaka balbu atakuuliza sampuli iko wapi. Duka lake la zamani lilibomolewa mvua zilipoishia, akahamia kwenye kibanda cha mabati pembeni ya karakana. Dari ni fupi, spea zinaning'inia mpaka usoni, na boriti ya mlangoni imeshapiga vichwa vya watu wazito.

Shemeji akamwekea kipande juu ya meza. Sampuli hakukigusa. Akainama chini ya kaunta akatoa kifurushi cha gazeti.

"Mmechelewa," akasema. "Mwenyewe aliniambia mngekuja mapema."

"Mwenyewe nani?" nikauliza.

"Mzee mwenye gari. Si ndiye aliyewatuma? Mrefu, kidole hiki cha shahada hakina ncha." Akaonyesha kidole chake. "Alizileta zote mbili nizisafishe, nizitie grisi, niwawekee. Nikamwambia, mzee, si uende nazo tu nyumbani. Akasema hana njia ya kupanda mlima, gari halina breki."

Ncha ya kile kidole ilikatwa na feni ya injini mwaka tuliooana. Niliifunga mimi mwenyewe kwa kipande cha gauni.

"Alikuja hapa?" shemeji akauliza. Msumari ulikuwa umemtoka mdomoni bila yeye kujua. "Hapa, au duka lile la zamani?"

"Hapa hapa. Akajigonga kwenye hiyo boriti, akanitania kwamba nimehamia banda la kuku. Mbona mnaniangalia hivyo? Anaumwa?"

"Hapana," nikasema. "Kwa sasa haumwi."

Ndani ya gazeti zilikuwemo ajasta mbili safi kama zimetoka kiwandani. Moja ilikuwa na doa jekundu kichwani. Rangi ya kucha. Huo ulikuwa utaratibu wa marehemu: zile ajasta mbili ukizitazama ni mapacha, lakini skrubu ya moja inazungukia huku na ya nyingine inazungukia kule, na ukizibadilisha pande, kile kigurudumu kinafupisha badala ya kurefusha. Kila ukikanyaga, breki inajilegeza yenyewe. Basi alikuwa anapaka moja rangi asije akachanganya. Nyekundu ni upande wa dereva. Mdogo wake alifundishwa hivyo, na hata ukimwamsha usingizini atakuambia hivyo.

Nikaligusa lile doa. Likanata kidoleni.

Tulipofika nyumbani nilikwenda moja kwa moja kwenye sanduku la vifaa vya marehemu. Kichupa cha rangi ya kucha kilikuwemo, kile alichomwibia binti yake zamani akiwa bado msichana. Kimekauka, kifuniko kimegandamana, nilipokitikisa kililia kama jiwe. Nikakirudisha. Binti yangu alikuwa mlangoni, mkono kiunoni, tumbo mbele.

"Mmepata, Mama?"

"Tumepata."

"Mbona hufurahi?"

"Nafurahi kwa ndani, ni rahisi zaidi."

Shemeji akafunga ile nyekundu kulia, upande wa dereva, isiyo na rangi kushoto. Akaziba dramu, akavisogeza viatu kwa mkono mpaka pedeli ikawa juu na ngumu. Nikalizungusha gari uani, mbele na nyuma, nikishika breki. Mara ya kwanza sawa. Ya pili imeshuka kidogo. Nilipofika kwenye tangi la maji pedeli ilikuwa inagusa bati, na tangi ndilo lililonisimamisha.

Akafungua, akarekebisha, akafunga. Ikawa vile vile. Akafungua tena. Alikuwa anatokwa jasho na hanitanii, nikajua mambo ni mabaya.

"Pengine skrubu zake zimelika," nikasema.

"Ziko nzima kuliko wewe na mimi."

"Basi pengine ulizibadilisha pande."

Akaniangalia kama nimemtukania mama yake. "Rangi ni upande wa dereva. Kaka hakuwahi kukosea hapo. Mengine ndiyo, hapo hapana."

Akaenda kujimwagia maji kichwani. Mimi nikarudi kwenye cherehani maana mikono yangu ikikaa bure inawaza. Jua lilikuwa la utosi, ua mzima umenyamaza, hata kuku wamejificha. Nikasikia *tik*.

Nikasimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja.

*Tik*. Kimya kidogo. *Tik*. Ilitoka uani. Nikachungulia dirishani. Gari limesimama peke yake, jiwe mbele ya tairi, jiwe nyuma ya tairi, halitikisiki. Hakuna mtu chini, hakuna mtu ndani. *Tik*, kutoka gurudumu la nyuma, kama mtu anayehesabu tasbihi polepole. Baada ya hapo, kutoka ndani ya gari, nikausikia ule mfuniko. *Kwap*.

Nilitoka. Sitasema sikuogopa. Nilitoka kwa sababu niliyemwona anavuka ua kuelekea gari ni binti yangu, na kabla sijamfikia alishafungua mlango wa kushoto, ule unaotaka kusukumwa kwa bega, akaufungua kama pazia. Akakaa.

"Shuka humo," nikamwambia.

"Nakaa kidogo tu, Mama. Mgongo." Alikuwa amefumba macho. "Unaniuma tangu asubuhi, sikutaka kuwasumbua."

Nikaweka mkono tumboni kwake. Lilikuwa gumu kama ngoma. Nikangoja, likalegea. Hayo yalikuwa maumivu ya mgongo ambayo mwisho wake huitwa jina na kunyonyeshwa.

"Nani alikivuta hiki kiti nyuma?" akauliza. "Miguu yangu haifiki. Halafu kina joto."

Kiti kile hakijawahi kuvutwa nyuma tangu mume wangu, mwenye miguu mirefu kama korongo, alipobebwa kutoka hapo. Nami ndiye niliyekirudisha mbele siku ya kufagia gari. Nikatazama chini miguuni. Vumbi la miezi yote lilikuwa limetanda pale, ila juu ya mfuniko wa kopo palikuwa safi, pameng'aa, umbo la unyayo mmoja wa kulia.

"Baba alikuwa anashika breki hapa," binti yangu akasema, bado amefumba macho. "Mkamwona amechanganyikiwa. Yeye alijiona yuko kazini."

Shemeji alikuwa amefika, maji yanamdondoka kichwani. Nikamgeukia.

"Shemeji. Dereva wa gari hili anakaa wapi?"

"Shemeji, sasa hivi si wakati wa..."

"Sikutanii. Aliyepaka ile rangi, dereva kwake yuko wapi?"

Akafungua mdomo aseme kulia. Akamwangalia binti yangu alivyokaa, akaangalia kiti kilivyovutwa, akaangalia ule unyayo. Mtu mzima amelala chini ya magari maisha yake yote, na sasa hakutaka kuinama chini ya hili.

"Kaka," akasema taratibu, na sijui alikuwa anamwambia nani, "usukani tulihamisha pamoja. Mimi na wewe."

*Tik*, gurudumu likajibu.

Nikamshusha binti yangu kitini. Shemeji akapiga jeki. Aliifunga nyekundu kushoto, isiyo na rangi kulia, msumari wake haupo. Alipoziba dramu ya mwisho hakusogeza kitu kwa mkono, maana hakupata nafasi. Tulisimama sisi watatu tukasikiliza gari lililozimwa likijikaza lenyewe, upande huu na upande ule, *tik, tik, tik*, mpaka likatosheka likanyamaza. Nikaingia kulia nikakanyaga pedeli. Ilikuwa juu, imara, kama kukanyaga kizingiti.

"Twende," nikasema.

Binti yangu tulimlaza kiti cha nyuma. Shemeji alishika mlango wa mbele kushoto, akauachia.

"Nitakaa nyuma na mgonjwa," akasema.

"Mgonjwa amejaza kiti chote."

"Nitajikunja."

Akajikunja sakafuni kama zulia, miguu ya binti yangu juu ya mabega yake. Mbele kushoto hakukaa mtu. Nikawasha, tukatoka.

Mlima wetu una kona moja mbaya, upande mmoja mwamba, upande wa pili unaona mapaa ya nyumba za watu. Nilikuwa nashuka kwa gia ya chini, naongea sana, ndivyo nilivyo nikiogopa. Namwambia binti yangu asibane, namwambia shemeji leo atajifunza kwa nini wanawake wanamkimbia. Tukaingia kwenye kona. Katikati ya barabara limesimama lori la mawe, limekufa, dereva wake yuko chini ya boneti, hakuna jiwe wala tawi lililowekwa kutuonya.

Niliona lori, nikainua mguu kuuhamishia kwenye breki. Na hapa naomba unisikilize vizuri, maana shemeji nimemsimulia mara nyingi na bado anatazama pembeni. Pedeli ilishuka kabla mguu wangu haujaifikia. Niliiona ikiinama yenyewe, taratibu, sawasawa, kama inavyokanyagwa na mtu anayeijua ile kona. Kushoto kwangu mfuniko ukalia, *kwap*, ukabaki umekandamizwa. Gari likapunguza, likapunguza, halikuvuta upande wowote, likasimama mahali ambapo dereva wa lori alipogeuka aliweza kuweka kiganja juu ya boneti yetu bila kupiga hatua.

Nyuma binti yangu alikuwa anapumua kwa meno. Ndipo mguu wangu ulipofika kwenye pedeli, nao ukakuta kazi imekwisha.

"Mama," akasema, "umesimama vizuri."

"Ndiyo," nikasema. "Ahsante."

Lori likasukumwa kando kidogo tukapenya. Kona zilizobaki nilikanyaga mwenyewe, na niliruhusiwa.

Getini hospitalini mlinzi alitoka kwenye kibanda chake, akazunguka mbele ya gari. Hakuja kwangu. Alikwenda dirisha la kushoto, akainama kidogo kwa heshima.

"Shikamoo, mzee," akasema. "Mshushe mgonjwa pale mlangoni, kisha usogeze gari, maana ni njia ya machela."

Akangoja kama mtu anayejibiwa, akaitikia kwa kichwa, akaenda kufungua geti. Kwenye kioo nikaona macho ya shemeji.

"Shemeji, sogeza gari," akanong'ona.

"Hajaniambia mimi."

Lakini nililisogeza.

Wakamchukua binti yangu kwa machela, wakamwingiza ndani moja kwa moja. Nilikaa kwenye benchi na shemeji, hatukutaniana hata mara moja, na hilo peke yake lilinitisha kuliko mengine yote. Kisha muuguzi akatoka na kitu kidogo kimefungwa kanga, kinapiga kelele za mtu aliyeamshwa bila ruhusa. Mtoto wa kiume, mzima. Mama yake mzima, amelala. Shemeji akampokea, akamfunua mikono, akamhesabu vidole vyote, cha shahada akakitazama mara mbili.

"Kina ncha," akasema, akaanza kulia.

Nikawaacha, nikatoka kwenda kuchukua mfuko wa nguo. Jua lilikuwa kali bado, gari limeegeshwa peke yake ukutani. Niliutoa mfuko nyuma, kisha nikasimama upande wa kushoto, mkono juu ya paa. Kiti kilikuwa bado kimevutwa nyuma. Juu ya dashibodi, kwenye vumbi, palikuwa na alama ya mkono, kidole cha shahada hakina ncha.

"Tumefika," nikamwambia. "Ni wa kiume. Ana kelele kama wewe. Sasa shuka, bwana, ukapumzike."

Nilingoja. Upepo haukuwepo, watu walikuwa mbali. Kutoka gurudumu la nyuma, taratibu kabisa, kile kigurudumu cha meno kikajibu: *tik*.

Mbishi tangu zamani. Nikafunga milango yote, dirisha la upande wake nikaliacha wazi kidogo, maana joto lilikuwa kali na sikujua tutakaa ndani muda gani.